Upinde wa Duka

Kila saa saba mchana, wafanyakazi wa ofisi za katikati ya jiji walipotawanyika kutafuta chipsi na kivuli, Musili alishika njia ya Ngara kwa miguu, tai ameitupa begani na kichupa cha wino wa mihuri mfukoni mwa shati. Alikuwa karani wa masjala katika wizara moja ya serikali, mtu wa miaka arobaini na minane, mfupi, mwenye miwani na vidole vya zambarau. Tangu Machi mwaka huo wa 2006 hakuwa amekula chakula cha mchana kwa utulivu hata wiki moja. Alikuwa anatafuta ubao, na si wa mlango wala wa kitanda. Alitaka ubao wa kutengenezea upinde.

"Ameingia," Gerishon alisema bila kugeuka. Gerishon ndiye aliyepanga mbao katika yadi ya Indravadan, na alimtambua Musili kwa mlio wa viatu vyake vya ofisini. "Bosi, mzee wa kupindua ameingia."

Indravadan, mwenye yadi, alikuwa ameketi kwenye dirisha la kiofisi chake na gilasi ya chai. "Musili bhai, ndugu yangu! Leo unapindua nini? Juzi saiprasi, jana mkaratusi. Leo nikutolee meza yangu nje uipindue pia?"

"Mkaratusi tena, mzee. Kuna mzigo mpya. Nimeona lori jana."

"Ameona lori! Mimi mwenyewe sijahesabu mzigo, yeye ameshaona lori."

"Na sheria unaijua," Gerishon alisema.

"Naijua."

Sheria ilikuwa ya Gerishon mwenyewe: anayepindua rundo hulirudisha, wa chini chini, wa juu juu, ncha zote zikiwa zimelingana. Wateja wengine waliichukia. Musili aliipenda. Miaka ishirini ya kupanga mafaili ilikuwa imemfundisha kwamba kitu kikirudi mahali pake, hata aliyekitoa hulala vizuri. Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akaanza.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alichuchumaa kwenye ncha za mbao akatazama pete za mti, kama mtu anayesoma migongo ya mafaili rafuni. Ubao wenye pete zilizobanana sana aliuacha, na wenye kifundo aliuacha bila hata kuuvuta. Ule uliofaulu aliulaza juu ya magogo mawili, akaukwangua kwa kisu kidogo mahali patatu, ncha moja, katikati, ncha nyingine, kisha akadondosha tone la wino kila mahali. Hapo akangoja. Wino ukiingia kwenye mbao haukai duara. Hukimbia, ukifuata nyuzi. Ukikimbia sambamba na ukingo wa ubao, nyuzi zimenyooka. Ukikata kona kuelekea ubavuni, basi nyuzi zinatokea ubavuni, na hapo ndipo upinde utakapovunjika, leo au kesho.

"Mbao zangu zimepata tetekuwanga," Indravadan alilalamika dirishani. "Kila rundo, nukta, nukta, nukta. Watu wanauliza, huu ugonjwa gani?"

"Unawaambiaje?"

Indravadan alikunywa chai. "Nawaambia karibu."

Sasa, mtu anaweza kuuliza kwa nini karani mwenye pensheni inayomngoja ajitese hivyo. Sababu ilikuwa siku moja tu katika mwaka. Kila mwezi wa nane, chama cha watu wa kwao Mwingi waishio Nairobi kilikutana kwenye kiwanja kilicho ukingoni mwa Jamhuri, mtaa ambamo Musili mwenyewe aliishi. Kulikuwa na maombi, hotuba fupi, hotuba ndefu, pilau, na katikati ya hayo yote, kulenga shabaha kwa upinde. Kila mpiga shabaha alitupa mishale thelathini kwenye magunia ya nyasi yaliyoegemezwa kwenye ukingo wa udongo. Wenzake walikuja na pinde za miti iliyokatwa nyumbani, iliyokaushwa miezi mingi juu ya moshi wa jikoni. Musili alizaliwa Makongeni, papa hapa Nairobi, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Hakuwa na shamba wala mti. Alikuwa na duka la mbao.

Mwaka wa kwanza alikuja na upinde wa mahogani uliong'aa kama meza ya waziri. Ulivunjika mshale wa nne. Mwaka wa pili alitumia mvule, ukafika wa kumi na moja. Wa tatu, saiprasi, ulifika wa kumi na tisa, ukapasuka kwa kishindo kilichowafanya akina mama wadondoshe sahani, na kipande kikaruka hadi kwenye sufuria. Tangu siku hiyo watu wazima wenye akili zao walimwita Bwana Kuni.

Aliyelipenda jina hilo kuliko wote alikuwa shemeji yake Mwololo, kaka wa mkewe na katibu wa chama. Mwololo alikuwa na daftari, na katika daftari hilo aliandika, kwa idhini ya kamati, kwamba Musili akivunja upinde mara ya nne, jina lake litafutwa kwenye orodha ya wapiga shabaha na kuhamishiwa kamati ya pilau. Si kwa mwaka mmoja. Kabisa.

"Si adhabu, shemeji," Mwololo alimwambia. "Ni usalama wa raia. Na kuni unatuletea, kwa nini usikae karibu na moto?"

Musili alicheka na wengine, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alilifikiria lile daftari. Alijua Kikamba cha Makongeni, kile ambacho jamaa za nyumbani hukisikiliza huku wakitabasamu. Alijua hadithi za mababu zake kwa kusimuliwa tu. Kusimama kwenye ule mstari, kamba shavuni, ndipo mahali pekee ambapo hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi hasa. Hakutaka kwenda kukoroga sufuria.

Dawa aliipata kazini. Wino ulimwagika kwenye meza ya masjala, akatazama zambarau ikitambaa ndani ya mbao ya meza, mistari myembamba yote ikienda upande mmoja, na papo hapo akaelewa kilichomvunjia pinde tatu. Alikuwa anachagua kwa uzuri wa mbao, si kwa nyuzi zake. Akaenda kununua kichupa chake mwenyewe, kwa sababu hakutaka isemekane kwamba wino wa serikali umeonekana Ngara.

Siku hiyo ya Jumatano, zikiwa zimebaki siku kumi, aliupata. Ulikuwa ubao wa mkaratusi, futi sita na ushee, rangi ya uji wa wimbi, usio na urembo wowote. Fundi wa makabati asingeutazama mara mbili. Tone la kwanza likakimbia sambamba na ukingo. La pili vivyo hivyo. La tatu likanyooka kana kwamba limepigiwa rula.

"Gerishon," aliita polepole. "Njoo uone."

Gerishon akainama. "Ni mbao."

"Ndiyo."

"Basi imeonekana. Sasa rudisha hizo zingine."

Akazirudisha zote, karibu mia moja na ishirini, huku akipiga mluzi. Hangeweza kuingia wizarani na ubao wa futi sita, kwa hiyo akausimamisha nyuma ya mlango wa kiofisi, akaulipia, akasema atapita saa kumi na moja. Kisha akarudi kazini mbio na vumbi la mbao kwenye nyusi.

Saa kumi na moja na robo ubao haukuwepo.

"Umeuzwa," Gerishon alisema, akitazama viatu vyake. "Nilikuwa napakia lori. Bosi alikuwa benki. Msichana wa kaunta hakujua."

"Umeuzwa vipi na nimeulipia?"

"Sikiliza, mzee, usikasirike. Kuna kitu hatujakuambia."

Ilibidi Indravadan mwenyewe atoke nje kueleza, na alieleza akiwa amesimama, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Tangu Aprili mafundi walikuwa wamezoea kuona mtu mwenye tai na beji ya wizara kifuani akiinamia mbao na wino wa zambarau, rangi ile ile ya mihuri ya ofisini. Wakaambizana kwamba serikali imeanza kukagua mbao. Ubao wenye nukta tatu umepita. Ikawa mtu akija anauliza, mna zile za wino? Nukta za Musili zilikuwa zinanunuliwa kabla hazijakauka.

"Lakini zile za wino ni zile nilizozikataa!" Musili alipiga kelele. "Zote! Ningekuwa nimezipenda ningezinunua!"

"Hiyo mimi najua."

"Na hukuwaambia?"

"Mimi sikusema ndiyo, sikusema hapana." Indravadan akatazama pembeni. "Nilikunywa chai."

Aliyeuchukua alikuwa Ravneet, mkandarasi mzee aliyenunua mbao hapo tangu enzi za babake Indravadan. Aliukuta umesimama peke yake nyuma ya mlango, nukta zote tatu zimenyooka, akasema huu sasa ndio wa serikali yenyewe. Alikuwa anatengeneza makabati ya jikoni katika nyumba moja Jamhuri. Gerishon akataja barabara. Ilikuwa nyumba ya nne kutoka kwa Musili.

Alifika jua likiwa bado juu ya miti. Ravneet alikuwa uani, kilemba cha bluu, penseli imechomekwa ndani yake, msumeno mkononi. Alipomwona mtu mwenye tai, beji na vidole vya zambarau, aliweka msumeno chini na kujipangusa mikono.

"Karibu inspekta! Nilijua mtakuja tu. Angalia mwenyewe. Mbao zote zimepita, hakuna ya magendo hapa. Wewe kijana, leta kiti cha inspekta!"

Musili akasimama pale. Ubao wake ulikuwa juu ya benchi, na nukta zake tatu zimekuwa mbili: ncha moja ilikuwa imekatwa tayari. Na hapo akaona jinsi mambo yalivyo rahisi. Angesema tu, huu una kasoro, nauchukua. Mzee angeufunga kwa kamba na kumshukuru. Sentensi moja. Katika ofisi za jiji hili kuna watu waliojenga maghorofa kwa sentensi kama hiyo.

"Mimi si inspekta," alisema. "Ni karani. Natengeneza pinde."

"Pinde?"

"Pinde na mishale."

Akaeleza yote, wino, nyuzi, Mwololo, sufuria ya pilau. Ravneet alisikiliza akiwa amekunja uso, kisha akageuka polepole kutazama makabati aliyoyajenga wiki mbili, kila mlango na nukta zake.

"Yaani jiko langu lote ni mbao ulizozikataa wewe?"

"Kwa kabati ni nzuri kabisa, fundi. Kabati halivutwi."

Halafu mzee akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kuishia kwenye kikohozi, hadi akashika benchi. "Kabati halivutwi! Unajua babangu alichagua mbao za ngazi namna hiyo hiyo? Alitumia chai. Chai ya rangi, nzito, anadondosha kwa kijiko. Aliniambia, ngazi inabeba mtu, hiyo usichague kwa macho. Miaka arobaini sijafanya, mimi nanunua ngazi za chuma." Akapitisha kidole gumba juu ya mstari wa wino. "Mjinga mimi. Naona mstari umenyooka hivi, nafikiri ni muhuri."

"Umebaki futi ngapi?"

Ravneet akapima. "Tano na inchi mbili. Samahani sana. Kesho ningeukata tena."

Musili akauchukua, akausimamisha mbele yake. Ulimfika kwenye paji la uso. Pinde zake zote tatu zilikuwa zimempita kichwa, kwa sababu za akina Mwololo ziliwapita vichwa. Lakini akina Mwololo walikuwa watu warefu. Akanyoosha mkono wa kushoto, akavuta kamba ya hewani hadi kidevuni. Mikono yake ilikuwa mifupi. Hakuwa amewahi kulifikiria hilo.

"Unatosha," alisema.

Mzee alikataa fidia ya namna yoyote. Alitaka kitu kimoja tu: waketi dakika kumi, amwonyeshe tone linavyokimbia. Zikawa dakika arobaini.

Siku tisa zilizobaki, nyumba ya Musili ilinuka mkaratusi. Alichonga jioni uani, akitoa mbao kidogo kidogo, mbele pameachwa bapa bila kuguswa, nyuma pakiliwa na kisu. Kalekye, mkewe, alikuwa fundi wa nguo. Alisokota upote, kamba ya upinde, kwa uzi wa kushonea viatu, nyuzi kumi na mbili, akaupaka nta. Mishale ilitoka kwenye vipande vya saiprasi, navyo vikapimwa kwa wino kimoja kimoja, na manyoya yakatoka kwa muuza kuku aliyedhani yanakwenda kwenye mto.

Kazi ngumu ilikuwa kuufundisha upinde kupinda. Musili aliutundika kwenye mlango wa jikoni, akavuta kamba kidogo, akaachia, akavuta zaidi. Kalekye alitazama kutoka kwenye cherehani.

"Mkono wa juu wa huo upinde mgumu, Baba Nzula."

"Uko sawa."

"Umesimama kama askari. Wa chini ndio unafanya kazi yote. Ukiuvalisha nguo hiyo itakaa upande."

Akakwangua mkono wa juu. Akavuta tena. Ile miaka mitatu hakuwa amemuuliza mtu yeyote.

"Sasa?"

"Sasa umekaa." Akauma uzi kwa meno. "Na kaka yangu akianza maneno yake, mwambie mimi ndiye nimeupima."

Jumamosi ilifika na jua zuri. Wapiga shabaha walikuwa kumi na mmoja. Musili aliposimama mstarini, watu walisogea nyuma hatua kadhaa bila kuambiwa, na mama mmoja akafunika sufuria.

"Ndugu zangu, mpisheni Bwana Kuni!" Mwololo alitangaza, daftari mkononi. "Na leo ameleta nini? Hiyo ni upinde ama ni kitana?"

"Ni wa duka," Musili alijibu. "Kama suruali yako."

Watu wakacheka, kwanza kwa Mwololo, kisha kwa suruali. Musili akavuta. Mshale wa kwanza ukapita juu ya magunia ukaingia kwenye udongo. Wa pili ukagusa gunia. Wa tatu. Ulipofika wa nne, ule uliovunja mahogani, watu walijikinga nyuso wote pamoja bila kupanga. Ukaondoka salama. Mtu akapiga makofi mara moja, akajizuia.

Wa kumi na moja ukapita. Mvule ukaachwa nyuma. Sasa watu walianza kuhesabu kwa sauti, kwa Kikamba, na watoto wakajiunga. Wa kumi na tisa Musili aliushika muda mrefu kuliko haja. Jasho lilikuwa limeingia kwenye miwani. Akavuta hadi kidevuni, si zaidi, akaachia.

Hakuna kilichovunjika.

Wa ishirini na tatu, kishindo kikali kikasikika: tratat! Nusu ya umati ikainama chini. Musili akafumba macho na kungoja vipande. Alipoyafumbua, upinde ulikuwa mzima mkononi, na mzee mmoja wa kamati alikuwa ameketi chini kwenye nyasi, kiti chake cha plastiki kimevunjika mguu.

"Endelea!" mzee alipaza sauti kutoka pale chini. "Mimi ni mzima! Endelea, usipoe!"

Thelathini ulipoondoka, Kalekye alipiga kigelegele kimoja kirefu na akina mama wengine wakamfuata. Musili aliteremsha upinde. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyesahau kufunga mdomo.

Mwololo alirudi kutoka kwenye magunia akiwa amehesabu. "Shemeji, umepata nane."

"Nane?"

"Kati ya thelathini. Wewe ni wa tisa kati ya watu kumi na mmoja. Hiyo ni mbaya."

"Mbaya kabisa," Musili alikubali kwa furaha.

Mwololo akafungua daftari, akalamba kidole, akatafuta ukurasa wa mwaka unaofuata. Kalamu ilisimama kidogo hewani. Kisha akaandika, na Musili, mtu wa masjala, akausoma mwandiko kichwa chini miguu juu bila shida: Musili Nzomo, mpiga shabaha.

Desturi ya chama ilikuwa wapiga shabaha kula kwanza, wameketi kwenye safu yao, wakihudumiwa na kamati. Miaka mitatu Musili alikuwa ameondoka kabla ya sahani kufika, akisingizia kazi. Leo aliketi kati ya wanaume wawili wa Mwingi, upinde umesimama kati ya magoti yake, na hakuna aliyemwambia asogee. Waliuliza aliutoa mti gani, ulikauka miezi mingapi, na alipowaambia ulitoka nyuma ya mlango Ngara, walitikisa vichwa wakataka kuushika mmoja baada ya mwingine.

Mwololo alikuja wa mwisho, bado anatafuna, mkono umenyooshwa. "Hebu nione hicho kitana."

Musili akauvuta upinde karibu na kifua, akatazama mafuta ya pilau yaliyokuwa yanang'aa kwenye vidole vya shemeji yake.

"Kwanza nawa mikono," alimwambia.

Na Mwololo akaenda kunawa.